Ekzosi ya Karani Zablon

Sailensa ya pikapu ya Zablon Gisiri ilianguka Jumanne alasiri, kilomita chache kabla ya kufika Awendo, na haikuanguka kwa aibu. Ilibingirika katikati ya lami, ikawapita ng'ombe wawili, ikaingia mtaroni ikalala. Kezia, mke wa Zablon, aliiona kwenye kioo cha pembeni. Alingoja kidogo kabla ya kusema, kwa sababu miaka ishirini na mitatu ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba habari mbaya za gari lile huletwa polepole, kama habari za msiba.

"Baba Boke," alisema, "kuna kitu kimeshuka."

"Abiria?"

"Hatukubeba abiria."

Zablon hakuhitaji kuelezwa zaidi. Injini ya dizeli, ambayo tangu zamani haikuwa na sauti ya kwaya, sasa ilikuwa inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Moshi ukaanza kupanda kupitia tundu lililokuwa sakafuni, karibu na mguu wa Kezia.

"Ni kelele tu," Zablon alisema kwa sauti ya juu. "Kelele haijawahi kuua mtu."

Kezia alikuwa anakohoa.

Walikuwa wanarudi nyumbani Migori kutoka Homa Bay, ambako asubuhi ile walimlaza hospitalini mama yake Kezia, Mama Wegesa, afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu bibi huyo alikuwa anaiona dunia kama mtu aliyevikwa gunia. Daktari alisema angetoka Jumatatu, na akitoka alindwe dhidi ya vitu vitatu: moshi, vumbi na mtikisiko. Yaani daktari aliieleza pikapu ya Zablon, kitu kwa kitu, bila kuwahi kuiona.

Zablon hakuwa fundi. Hilo lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya barabara. Aliandika spana zilizotoka, akaandika spana zilizorudi, na zile ambazo hazikurudi akaziandika kwa wino mwekundu. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi kwa kuwapa kiinua mgongo na neno la asante, alipokea vyote viwili, na kwa hicho cha kwanza akanunua pikapu ambayo mwenyewe wa awali alikuwa ameshaichoka. Tangu siku hiyo alijihesabu mhandisi. Alijua jina la kila chuma na namba yake ya stoo. Kilichokuwa kimebaki ni kukishika chuma chenyewe.

Jumatano asubuhi walimwendea Nyabuto, fundi mwenye gereji ya mabati mawili kule Suna. Nyabuto alikuwa Mkisii mkimya, na alikuwa na tabia moja mbaya: akiulizwa jambo alisema ukweli mara moja, kisha akanyamaza. Aliingia chini ya gari akagonga hapa na pale kwa spana. Kutu ikamwagika usoni mwake kama unga wa mtama.

"Sailensa siyo shida," alisema akitoka. "Bomba lote limeoza, toka kwa injini mpaka nyuma. Karani, agiza lingine Kisumu. Nitafunga siku moja."

Akataja bei. Zablon akacheka kile kicheko cha watu wa ofisini.

"Bomba ni bomba," alisema. "Moshi unaingia huku, unatokea kule. Hata mtoto anaweza kutengeneza."

"Basi mpe mtoto," Nyabuto alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Kezia alitazama upande wa barabara ili asionekane anatabasamu. Walipokuwa wanarudi nyumbani, katika ngurumo ile, alijaribu bahati yake.

"Tunaweza kumleta Mama kwa matatu. Nitalipia viti viwili vya mbele."

"Mama mkwe wangu apande matatu na mimi nina gari?"

"Gari lina moshi, Baba Boke."

"Moshi ndio ninaoenda kuushughulikia. Mama atarudi nyumbani ndani ya gari lenye ekzosi iliyotengenezwa na mkwe wake. Si dukani. Si Kisumu. Na mkono huu."

Akauinua mkono wenyewe kutoka kwenye usukani ili auonyeshe, na gari likaelekea kwa muuza nyanya. Kezia akaurudisha usukani mahali pake. "Sawa, Baba Boke," alisema, na neno hilo kinywani mwake lilikuwa na maana nyingi, isipokuwa ile ya kukubali.

Mabomba yalipatikana kwa Mirumbe, mwenyekiti wa mradi wa maji. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 1989 kwa ng'ombe wawili na hotuba sita. Mabomba yalifika, wafadhili wakapigwa picha wakiwa wameyashika, na maji yakabaki mtoni yalikozoea kukaa. Tangu hapo Mirumbe aliyatunza mabomba hayo ghalani kwake kwa uaminifu mkubwa, akiwagawia marafiki kidogo kidogo ili yasipate upweke. Zablon alipata vipande vinne na kifuko cha elbo, vile viungo vya kupindia bomba, kwa ahadi ya kumbebea mawe ya msingi wa nyumba. Naye akaahidi kwa moyo mweupe, kama mtu asiyejua kwamba mawe ni mazito.

Kwa sailensa alikuwa na kitu chake tayari: mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, wenye nembo ya ofisi, ambao kwa namna fulani ulistaafu siku moja naye. Ulikuwa mtupu. Hata ofisini ulikuwa mtupu, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika kila mwaka kwamba umejaa.

Alhamisi alishinda uani akitoboa matundu katika bomba la kukaa ndani ya mtungi, ili, kama alivyowaeleza majirani, "sauti iingie humo ipotee njia." Alitumia keekee ya mkono. Alitoboa matundu arobaini na akavunja ncha nne. Kezia alikuwa anafunga mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni na alikuwa anasikia kila ncha ikivunjika, na baada ya kila ncha ukimya, na baada ya ukimya sauti ya mumewe ikisema kwamba chuma cha siku hizi ni kibaya.

Ijumaa alikodi mashine ya kuchomelea. Nyabuto alipita njiani, akaona mabomba yanavyong'aa, akasimama nje ya ua.

"Karani, hayo yamepakwa zinki. Ikwangue kwanza. Ule moshi mweupe usiuvute."

"Zinki ni ya kuzuia kutu," Zablon alimjibu kutoka nyuma ya miwani ya jua, aliyokuwa ameivaa badala ya ngao ya fundi. "Ukiikwangua umeondoa faida."

Nyabuto akaenda zake. Alikuwa ameshasema mara moja.

Hadi kufikia saa kumi jioni Zablon alikuwa amelala kitandani na mablanketi matatu, anatetemeka mpaka kitanda kinaimba. Mdomoni, alisema, alikuwa na ladha ya sarafu. Alimeza vidonge vya malaria. Jirani yao Bonareri alifika na wanawake wawili wa kanisani. Wakaomba kwa muda mrefu, na katikati ya maombi Bonareri akamweleza Mungu kwamba wapo watu wenye kijicho ambao hawapendi kuona mwenzao akibuni vitu. Kezia alisema amina, akajitanda leso, akaenda gereji.

"Ni ule moshi," Nyabuto alimwambia bila kuuliza habari. "Sote tulipitia wakati tunajifunza. Mpe maziwa, fungua madirisha, alale. Kesho atakuwa sawa."

"Na asipokuwa sawa?"

"Mpeleke hospitali. Lakini atakuwa sawa, Mama Boke. Asirudie tu."

Kezia alitembea kurudi nyumbani akiwa na hasira na huruma, na hakujua aanze na ipi. Mtu mzima amelala kama kifaranga kwa sababu ya bomba. Lakini mtu huyohuyo hakuwa na deni lolote kwa mama mkwe wake, na alikuwa ameshinda siku mbili chini ya jua akimtengenezea njia. Angeweza kulala tu kivulini kama wakwe wengine, akalalamika kuhusu bei ya dizeli. Nyumbani alimpa maziwa, akamwambia yametoka kwa mke wa mchungaji. Zablon akayanywa yote. Kama angejua ni ushauri wa nani angeyamwaga.

Asubuhi aliamka mzima, ana njaa, na la kwanza kufanya ni kuchukua tupa na kuanza kuikwangua zinki.

"Nimeliwaza usingizini," alimwambia mkewe. "Zinki inaharibu kiungo."

"Umewaza vizuri," Kezia alisema.

Tatizo lililofuata lilikuwa la maumbo. Bomba halisi la gari hupindwa taratibu, likafuata chasisi kama nyoka anavyofuata ukuta. Elbo za maji hazijui mambo hayo. Zinapinda kwa kona ya mraba tu, kama askari wa gwaride. Kwa hiyo bomba la Zablon lilitoka kwenye injini, likashuka, likakata kona, likaingia kwenye mtungi mwekundu chini ya sakafu, likatoka, likakata kona nyingine kuelekea pembeni, na hapo likakutana na ukweli kwamba vipande vilivyobaki havifiki nyuma. Mtu mwingine angevunjika moyo. Zablon alikumbuka malori makubwa ya ofisi, yale yenye bomba lililosimama nyuma ya kabati, kile chumba anachokaa dereva. Akakata kona ya mwisho kuelekea mbinguni.

Lilisimama pale, nyuma ya kabati, juu kuliko paa kwa urefu wa mkono. Aliliita "mfumo". Majirani walikuwa na majina mengine.

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika uani kusikiliza. Kezia alikuwa ametayarisha maneno ya kumfariji mumewe. Alikuwa ameyapanga kichwani tangu mahubiri. Zablon aliwasha. Moshi ukatoka juu kabisa, mbali na watu, na injini ikatoa sauti ya chini, ya upole, kama mzee anayekoroma chumba cha pili. Ndani ya kabati hapakuwa na moshi hata wa kusingizia. Kezia alipanda, akakaa, akanusa sakafu, akashuka.

Ilimbidi ayarudishe maneno yake ya faraja alikoyatoa. Kitu kilikuwa kinafanya kazi. Alimtazama mumewe akiwa amesimama katikati ya watu na kovu jipya la moto kwenye mkono, anaeleza habari ya matundu arobaini, na kwa muda mfupi, ambao hakuuonyesha kwa mtu yeyote, alimwonea fahari.

Nyabuto naye alikuwepo. Alizunguka gari mara mbili, akagusa viungo.

"Kazi siyo mbaya," alisema, na kwa Nyabuto hiyo ilikuwa hotuba. "Lakini mdomo uko juu na uko wazi. Weka kifuniko cha bawaba. Mvua itaingia."

Redio wiki hizo zilikuwa haziimbi kitu kingine. Ilikuwa Oktoba ya 1997, na kila taarifa ya habari ilitaja mvua ya El Nino iliyokuwa inakuja. Zablon alishaamua kwamba hizo ni siasa za uchaguzi.

"Moshi unapanda kwa nguvu," alimweleza Nyabuto polepole, kama mtu anayemfundisha darasa la pili. "Mvua itashukaje mahali moshi unapanda?"

"Na gari likizimwa?"

Zablon akaangalia saa yake, akasema kwamba wageni wanangoja chai.

Walifika Homa Bay Jumatatu mchana, ndizi zikiwa nyuma, mfumo ukitoa moshi juu ya paa na watu wa Rongo wakiwa wameshageuza shingo zao vya kutosha. Hospitalini waliambiwa kwamba Mama Wegesa anaendelea vizuri ila daktari wa kutia sahihi ametoka, warudi asubuhi. Kwa hiyo walikwenda kulala kwa Phelesia, rafiki ya Kezia wa siku nyingi, mchuuzi wa samaki ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na soko. Zablon alikagua ua kwa makini sana kuhusu usalama, kisha akaliegesha gari limebana kabisa na ukuta, chini ya ukingo wa mabati, mahali ambapo mwizi asingepata nafasi ya kufungua mlango. Mlizamu wa nyumba, ule mfereji wa maji ya paa, ulikuwa umekatika ncha muda mrefu, na ncha yenyewe ilikuwa inaning'inia juu kidogo ya mdomo wa bomba. Hakuna aliyeiona. Mvua ndiyo iliyoiona.

Ilinyesha usiku kucha, mvua ya ziwani isiyopumzika. Asubuhi jua lilitoka safi kabisa, ua umejaa madimbwi, na Zablon akapanda garini akiwa amenyoa ndevu na amevaa tai, kwa ajili ya mama mkwe. Akageuza ufunguo. Injini ikasema "tk," ikanyamaza. Akageuza tena. "Tk."

"Betri," alitangaza. "Baridi ya ziwa."

Akatoka barabarani, akarudi na wanaume watano waliokuwa wanakwenda ufukweni. Aliwapanga nyuma ya gari kwa kimo, kama alivyokuwa akipanga mitungi ya rangi stooni. Kezia alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe cha chai. Alikuwa anatazama chini. Kutoka kwenye kiungo cha bomba, karibu na mtungi mwekundu, kitu kilikuwa kinadondoka. Tone, tone, tone. Aliinama akakigusa, akanusa vidole. Hakikuwa mafuta. Akainua macho taratibu, akafuata bomba lilivyopanda, mpaka mdomoni, mpaka kwenye mlizamu uliokatika.

Alienda mlangoni mwa gari, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

"Mama Boke, unafanya nini? Watu wanangoja kusukuma."

"Wangoje. Kuna maji kwenye bomba."

"Maji yatoke wapi?"

Kezia akaelekeza juu kwa kidole. Wanaume watano wakatazama juu. Mmoja wao akaguna, akajifanya anakohoa.

"Hayo ni matone," Zablon alisema. "Injini ikishika itayatema. Lete ufunguo."

"Fungua hii kwanza." Aligusa yunioni, ile pete ya kuunganishia mabomba, kwa ncha ya kiatu.

"Mama Boke."

"Baba Boke, nimekaa kimya tangu Jumanne iliyopita. Nilikaa kimya wakati wa keekee, nikakaa kimya wakati wa homa. Yale maziwa alishauri Nyabuto, kwa taarifa yako. Mama yangu yuko pale juu amefungwa jicho, anangojea gari hili. Kama hufungui, nipe spana nifungue mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kwa Zablon kama angeipandisha, kwa sababu angeweza kumwambia asipige kelele mbele ya watu. Alisimama na tai yake. Kisha akaitoa spana kubwa chini ya kiti, na badala ya kumpa, akaingia chini ya gari mwenyewe, kwenye matope, na shati jeupe.

Yunioni ilikaza, kisha ikakubali ghafla. Maji yalitoka kama bomba la mjini siku ya uzinduzi: meusi, mengi, kwa nguvu, moja kwa moja kifuani mwa Zablon. Yaliendelea kutoka kwa muda ambao ulionekana mrefu. Yale mabomba, baada ya miaka minane ya kungoja, yalikuwa yamefanya kazi yaliyonunuliwa kuifanya, na mtu wa kwanza wa Migori kupata maji kutoka kwenye mradi alikuwa amelala chali Homa Bay na mdomo wazi.

Phelesia alikuwa ametoka jikoni. "Nyaminwa," alimwita Kezia kwa Kijaluo, yaani dada yetu, "hiyo gari yenu imekunywa mvua yote. Ngoja niite Javan."

Javan alikuwa shemeji yake, fundi wa injini za maboti, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu na mikono iliyonuka dizeli na samaki kwa kiwango sawa. Alisikiliza habari yote bila kucheka, jambo ambalo Kezia alimshukuru kwalo moyoni.

"Mlisukuma?"

"Hatukusukuma," Kezia alisema.

"Mmefanya vizuri. Maji haifinyiki. Mngesukuma, ingekunja vyuma ndani, hii injini mngeuza kwa kilo." Akafungua boneti. "Lakini msijali. Mimi injini kavu ndio sijawahi kuona."

Alizifungua nozeli zote nne, vile vimdomo vinavyopulizia mafuta ndani ya injini, akaziweka kwa mstari juu ya gunia safi. Akamwomba Kezia ufunguo, naye akaufungua kwenye leso. Javan alipogeuza, injini ilizunguka, na kutoka kwenye kila tundu maji yakaruka juu kama nyangumi, yakalowesha ukuta. Aligeuza mpaka ikaruka hewa tupu. Akamwaga oili, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, akatia nyingine ya boti lake. Akarudisha nozeli, akafunga yunioni. Ilipofika saa nne na nusu, injini iliwaka, ikatoa mvuke mweupe mwingi sana kupitia juu, halafu ikatulia kwenye mkoromo wake.

Muda wote huo Zablon alikuwa anampa spana. Mwanzoni alizitaja kwa namba za stoo. Baadaye alizitoa tu. Javan aliponyoosha mkono, spana ya sawasawa ilikuwa tayari ipo, na hata Kezia aliona kwamba hiyo, angalau, mumewe aliijua.

"Mzee, hii bomba umechomelea wewe?" Javan aliuliza akifuta mikono.

Zablon alisita. "Ni mimi."

"Haivuji mahali. Mimi yangu inavuja kila siku." Akaokota mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa karibu na pipa la Phelesia, akaupachika kwa waya juu ya mdomo wa bomba uweze kuinuka na kushuka. "Sasa iko na kofia."

Walimpa mkungu mkubwa kuliko yote. Alikataa mara moja, kwa heshima, kisha akaubeba.

Kwa desturi ya Wakuria, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na wakiwa na la kuambiana hupitia kwa mtu wa tatu hata kama wamesimama hatua mbili. Ndivyo walivyosimama mbele ya wodi: Mama Wegesa kwenye benchi, bandeji imeshatolewa na miwani myeusi ya hospitali ikiwa imewekwa mahali pake, Zablon pembeni akiwa ameangalia mti, shati jeusi kifuani, tai imelowa, masizi mpaka masikioni, na Kezia katikati.

Mama Wegesa aliivua miwani kidogo, nesi akiwa hayupo. Alitazama mti. Akatazama majani ya mti, moja moja. Akamtazama binti yake, kwa muda mrefu.

"Kezia, una mvi."

"Ndiyo, Mama."

"Hazikuwepo."

"Zilikuwepo, Mama. Hukuwa unaziona."

Bibi akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akatazama nyuma yake, kwenye pikapu, na macho yakapanda polepole mpaka kwenye mkebe.

"Nani amejenga jiko juu ya gari?"

"Ni ekzosi, Mama. Ametengeneza mkwe wako. Ili moshi usikuumize macho."

"Ametengeneza yeye?"

"Siku nne. Aliugua."

Mama Wegesa alivaa miwani yake. "Mwambie," alisema, akiwa ameelekeza uso kwenye ukuta, "mwambie nimesikia."

"Amesema amesikia," Kezia alimwambia mumewe.

"Nimesikia," Zablon aliuambia mti, na sauti yake haikuwa ya karani.

Walirudi taratibu. Kezia alikaa katikati, kama ukuta wenye adabu, mama yake dirishani. Hapakuwa na moshi. Vumbi lilikuwa limelazwa na mvua. Mtikisiko ulikuwepo, maana hakuna aliyewahi kuchomelea barabara. Baada ya Rongo ukuta wa nyuma wa kabati ulianza kupata joto kwa sababu ya bomba lililosimama nyuma yake, na Kezia akajiandaa kwa malalamiko. Mama yake aliegemeza mgongo, akafumba macho nyuma ya miwani.

"Mwambie hili joto limeifika ile sehemu ya mgongo inayoniuma," alisema.

Zablon alifungua mdomo. Kezia alijua kabisa kilichokuwa kinakuja: kwamba joto lile lilipangwa, lilipimwa, lilikuwa sehemu ya mfumo. Alingoja. Lakini Zablon alitazama barabara kwa muda, akakwepa shimo kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa ajili ya ndizi.

"Mwambie," alisema mwishowe, "hilo lilitokea tu."

Kezia aligeuka kumtazama, kuhakikisha kwamba ni yeye. Kisha akamgeukia mama yake akautoa ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza neno. Bibi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akavuta leso yake mabegani, na walipokuwa wanashuka mteremko wa kuingia Migori alikuwa tayari amelala.